“Mimi Mpangaji Tu”: Tunayoyaamini Kuhusu Serikali ya Mtaa na Yaliyo Kweli

Masika ya 2024 maji yaliingia chumbani kwangu mara tatu. Mara ya tatu yalifika kimo cha godoro. Tulipandisha kitanda juu ya matofali, watoto tukawapeleka kwa shangazi yao, na usiku kucha mimi na mke wangu tukawa tunachota maji kwa ndoo na kuyamwaga nje. Kulipokucha nilienda kuutazama mtaro. Ulikuwa umejaa mchanga hadi ukingoni, na juu ya mchanga zimelala chupa za plastiki, pampasi na kandambili moja ya mtoto. Maji hayakuwa na pa kwenda isipokuwa kwetu.

Nikaanza kuuliza: jambo hili linapelekwa kwa nani? Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu. Fundi cherehani wa pale kona, mama muuza uji, mwalimu mstaafu, kijana wa bodaboda, wote walikuwa na hakika, na karibu kila jibu lilikuwa na kosa ndani yake. Nilipoteza miezi mingi nikizifuata hakika hizo ofisi hadi ofisi, mpaka nilipoanza kuzisoma sheria mwenyewe na kuwauliza watu waliowahi kuwa watendaji. Mtaa wetu sitautaja, wala manispaa yetu, kwa sababu haya hayatokei kwetu peke yake. Itoshe kusema ni Dar es Salaam, uswahilini, nyumba zimebanana.

Haya ndiyo tuliyokuwa tukiyaamini.

“Mimi mpangaji tu, mkutano ni wa wenye nyumba”

Naanza na hili kwa sababu ndilo lililotuumiza kuliko yote. Nyumba ninayoishi ina vyumba vinane na kaya saba za wapangaji. Mwenye nyumba anaishi mkoa mwingine. Kila kipaza sauti kilipopita kutangaza mkutano wa mtaa, sisi tuliendelea na shughuli zetu, tukisema wenye mtaa wao watakwenda. Wenye nyumba nao hawaishi hapa. Kwa hiyo mikutano ya mtaa wenye maelfu ya watu ilikuwa inahudhuriwa na wazee wachache na watu waliotumwa.

Sheria haisemi mwenye nyumba. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote wa mtaa huo wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mpangaji wa chumba kimoja ana sauti ileile aliyonayo mwenye ghorofa. Kijijini ni hivyohivyo, tena Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inautaja mkutano mkuu wa kijiji kuwa ndio wenye mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya kijiji, juu ya mwenyekiti na juu ya halmashauri ya kijiji.

Mama muuza uji kwa miaka 19 amekuwa akipika palepale kwenye kona. Anamjua kila mtoto kwa jina la mama yake. Nilipomwambia ana haki ya kusimama mkutanoni na kuuliza fedha zimekwenda wapi, aliniangalia kwa muda, mwiko ukiwa mkononi, akasema: “Baba, mimi sina hata tofali moja hapa.” Hadi leo nikiikumbuka kauli ile naumia. Maji yalipoingia, yalimharibia unga wa mtaji wa wiki nzima. Ni nani anayehusika na mtaa huu kuliko yeye?

“Anza kwa mjumbe”

Tulianza kwa mjumbe, yaani mjumbe wa nyumba kumi. Ni mzee mwenye heshima zake, anajua nani kazaliwa nyumba gani na nani kahamia lini. Alitusikiliza vizuri, akaandika kwenye daftari lake, akasema atalifikisha. Na kweli alilifikisha, kwenye kikao cha tawi la chama.

Nyumba kumi kumi zilianzishwa na TANU katika miaka ya 1960. Enzi za chama kimoja, chama na serikali vilikuwa kamba moja, na mjumbe alikuwa mlango wa vyote viwili. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, nyumba kumi zilibaki kuwa ngazi ya CCM. Yule tunayemwita mjumbe ni balozi wa shina, kiongozi wa chama. Hana nafasi serikalini, na hakuna sheria inayokulazimisha wewe mkazi kuanzia kwake ili upate huduma ya serikali ya mtaa.

Kinachochanganya ni kwamba kuna wajumbe wengine, wajumbe wa kamati ya mtaa, ambao tunawachagua kwa kura pamoja na mwenyekiti na ambao ni sehemu ya serikali ya mtaa. Hawa ndio wa kuwafuata. Simdharau mzee wetu hata kidogo, na kwenye misiba na ugomvi wa ndoa amewasaidia wengi. Lakini jambo la mtaro likiishia kwenye daftari la chama halifiki serikalini, na mkazi wa chama kingine au asiye na chama anabaki nje kabisa.

Hapohapo niseme na la mwenyekiti. Mwenyekiti wa mtaa hudhaminiwa na chama kwa sababu sheria yetu hairuhusu mgombea binafsi, jambo ambalo Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania mahakamani kwa miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kwamba katazo hilo linakiuka haki. Akishachaguliwa ni mwenyekiti wa wote. Hana ruhusa ya kukuuliza kadi ya chama kabla ya kukuandikia barua ya utambulisho.

“Nina kadi ya kupigia kura, jina langu limo”

Tarehe 27 Novemba 2024 jirani yangu fundi alifunga kazi mapema, akavaa shati safi, akaenda kituoni na kadi yake ya mpiga kura. Alitafuta jina lake kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini mara mbili. Halikuwemo. Alirudi amenuna, akiamini kwamba amefutwa.

Hakuwa amefutwa. Hakuwa amejiandikisha. Uchaguzi wa serikali za mitaa una daftari lake, tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Mwaka 2024 wakazi walijiandikisha kwa siku kumi, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kwenye vituo vya mitaani. Kadi ya Tume ya Uchaguzi unaweza kuja nayo ukiitaka, lakini peke yake haikuingizi kwenye orodha ile.

Kosa la pili, ambalo hata watu waliosoma wanalo, ni kudhani siku ile tunamchagua diwani. Siku ile tunachagua mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya mtaa, na vijijini wanachagua mwenyekiti wa kijiji, halmashauri ya kijiji na wenyeviti wa vitongoji. Diwani huchaguliwa kwenye uchaguzi mkuu, siku moja na rais na mbunge, chini ya Tume. Uchaguzi wa mitaa unasimamiwa na TAMISEMI, wizara iliyo chini ya Ofisi ya Rais. Wapo wanaotaka usimamizi huo uhamishiwe kwenye Tume, nami ni mmoja wao, na nalisema bila kumchukia mtu: msimamizi asiyewajibika kwa upande wowote humsaidia hata mshindi, maana ushindi wake hautiliwi shaka.

Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na sehemu nyingi wagombea wa CCM walipita bila kupingwa. Mwenyekiti ambaye hakuwahi kusimama mbele ya wakazi wake kuomba kura, ni vigumu kwake kusimama mbele yao kutoa hesabu.

“Mwenyekiti amekula hela ya barabara”

Sauti hii ndiyo kubwa kuliko zote pale kijiweni. Ukweli ni kwamba hakuna hela ya barabara iliyowahi kupita mkononi mwa mwenyekiti wa mtaa. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini, pamoja na mitaro ya pembeni mwake, tangu Julai 2017 ziko chini ya TARURA. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Maji ya bomba na majitaka Dar es Salaam ni ya DAWASA, na vijijini maji ni ya RUWASA iliyoanza mwaka 2019. Taka ni za halmashauri.

Tazama sasa mtaro wetu. Mchanga uliomo unatoka barabarani, kwa hiyo ni jambo la TARURA. Chupa na pampasi ni taka, kwa hiyo ni jambo la halmashauri, na kabla ya halmashauri ni letu sisi tuliozitupa. Maji meusi yanayotiririka humo hata kiangazi yanatoka kwenye vyoo vilivyotobolewa usiku mvua ikinyesha, na hapo kuna afisa afya wa kata. Mtaro mmoja, milango mitatu. Ukigonga mmoja tu utaambiwa si hapa, na aliyekwambia hajasema uongo.

Kijana wa bodaboda alidhani barabara za ndani hatuzilipii. Namwambia tangu mwaka 2021 kila lita ya mafuta anayojaza ina shilingi 100 zilizoongezwa kwa ajili ya barabara za TARURA. Anazilipia kila siku, tena kuliko mimi ninayetembea kwa miguu.

“Twende kwa mkuu wa wilaya, yeye ndiye bosi wao”

Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa wanateuliwa na rais na ni wawakilishi wa serikali kuu. Mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Anasimamia, anafuatilia, anaweza kuita watu wakae meza moja, na kwa kweli wengine wanasaidia sana. Lakini bajeti ya halmashauri inapitishwa na baraza la madiwani, na mtendaji mkuu wa halmashauri ni mkurugenzi. Malalamiko uliyopeleka kwa mkuu wa wilaya yatashushwa kwa mkurugenzi, na mkurugenzi atauliza kata inasema nini, na kata itauliza mtaa unasema nini. Umezunguka ukarudi ulipotoka.

Watu wanaogopa pia. Wanaamini mkuu wa wilaya anaweza kumweka mtu ndani anavyotaka. Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe pale anapoona amani itavunjwa, lakini sababu lazima ziandikwe na mtu huyo hawezi kushikiliwa zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mahakamani. Kuuliza swali mkutanoni si kuvunja amani.

Na meya? Wengi bado wanasema “Meya wa Dar es Salaam” wakidhani anatawala kuanzia Bunju hadi Kigamboni. Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote ilivunjwa Februari 2021, na Ilala ndiyo ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila moja ina halmashauri yake na meya wake. Ukiishi Mbagala, meya wa Jiji si wako.

“Asilimia kumi ya serikali ya mtaa”

Hapa naomba nikae kidogo, maana nimelipa.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kiwanja kisichopimwa, milioni nne, nje kidogo ya mji. Tulikaa ofisini kwa serikali ya mtaa, chumba kimoja, benchi, kalenda ya mwaka uliopita ukutani. Karatasi ya mauziano ilishaandikwa. Kiongozi aliyekuwa mezani alifungua droo, akatoa muhuri na kidau cha wino, akaviweka juu ya meza, akanyamaza. Muuzaji akaninong’oneza: “Ile asilimia kumi.” Nikahesabu laki nne, nikaziweka. Muhuri ukagongwa. Sikupewa risiti, nami sikuiomba, kwa sababu niliamini ni kodi.

Si kodi. Hakuna sheria inayoipa ofisi ya mtaa asilimia kumi ya bei ya kiwanja. Kodi zinazohusu uuzaji wa ardhi zinalipwa TRA: kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo ni ya muuzaji na kwa kawaida inatozwa kwenye faida aliyopata, si kwenye bei yote, na ushuru wa stempu kwenye mkataba. Fedha yoyote ya umma siku hizi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile inayoanza na 99, au kwa mashine inayotoa risiti palepale. Bila namba wala risiti, hiyo fedha umempa mtu.

La pili ni zito zaidi. Muhuri wa mwenyekiti hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye ardhi. Mwenyekiti ni shahidi anayeweza kusema namjua huyu na namjua yule. Hana daftari la viwanja, hajui kama eneo limewekwa barabara au shule kwenye ramani ya mipango miji, na hawezi kukuhakikishia kwamba kiwanja hakijauzwa mara mbili. Maswali hayo yanajibiwa na idara ya ardhi ya halmashauri. Nenda huko kwanza, ukiwa bado na hela yako mfukoni. Vijijini kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ambayo haimruhusu mwenyekiti, wala halmashauri ya kijiji peke yake, kugawa ardhi ya kijiji bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Nimeshuhudia familia ikibomolewa nyumba ya vyumba vitatu huku baba ameshika karatasi yenye mihuri miwili, anamwonyesha kila anayepita.

Kuna upande mwingine ambao ni haki kuusema. Watu wanadhani mwenyekiti ana mshahara mnono. Hana mshahara. Ana posho, ambayo si kila mahali inafika, na si kila mahali inafika kwa wakati. Anagongewa mlango saa nane usiku kwa sababu ya wizi, anatoa nauli yake kwenda kwenye vikao. Nchi ina mitaa zaidi ya 4,200, vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 63,000, na karibu mzigo wote wa kuwajua watu unabebwa na viongozi hawa wasiolipwa mshahara. Mimi ninaamini walipwe posho ya maana, kwa utaratibu unaojulikana, kisha asilimia kumi ikomeshwe bila huruma. Kuacha hivi hivi ni kumwambia mtu ajilipe mwenyewe kwa muhuri.

Mengine ya fedha

Asilimia kumi nyingine, hii ya halali, haijulikani hata nusu ya ile. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Tangu mwaka 2018 liko kwenye sheria. Wengine wanaamini ni hela ya chama, au ni zawadi ya uchaguzi isiyorudishwa. Ni fedha ya ushuru wa soko na leseni, fedha ya mama muuza uji mwenyewe, na isiporudishwa kikundi kinachofuata kinakosa. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 ili kuupanga upya, ukarejeshwa 2024. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU haiendi TANESCO wala haiendi kwa mwenyekiti. Ni ya TRA, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Mdaiwa ni mwenye jengo. Mpangaji unayenunua umeme unamlipia, kwa hiyo una haki ya kuipunguza kwenye kodi ya chumba. Tunza zile meseji za manunuzi ili siku ya kukaa naye uwe na ushahidi.

Michango ya shule nayo: ada ya shule za msingi ilifutwa mapema miaka ya 2000, ya sekondari hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Michango haikukatazwa, ila ni ya hiari, na mtoto hafukuzwi darasani kwa sababu mzazi hajachangia. Mchango wa lazima wa aina yoyote mtaani unahitaji sheria ndogo, ambayo hutungwa na halmashauri na kuidhinishwa na Waziri. Akija mtu na daftari akisema ni lazima, muulize kwa upole: sheria ndogo ipi?

“Tumpeleke baraza la kata ahukumiwe”

Katikati ya haya yote tuligundua kwamba jirani mmoja alisogeza ukuta wake hadi juu ya mtaro, akaacha tundu dogo la bomba. Tukakubaliana: baraza la kata litamwamuru abomoe. Tulikwenda watu 11, tukiwa na picha.

Katibu wa baraza alitueleza, kwa uvumilivu mkubwa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilijua kati yetu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata halihukumu tena migogoro ya ardhi. Linasuluhisha. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, mlalamikaji anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko kuna hukumu. Baadhi yetu walikasirika, wakaona ni kuzungushwa. Mimi nilifurahi. Jirani yule tunazikana naye. Kama anaweza kutoa sentimita 60 bila kufika kwa wakili, ni bora kwake na kwetu.

“Baraza la madiwani ni la wakubwa”

Hili niliambiwa na mtu ninayemheshimu, na ndiyo maana nilichelewa. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, kwa mujibu wa sheria. Huruhusiwi kuongea, lakini unaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Nilikwenda. Nilikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, peke yangu kama mkazi; wengine walikuwa watumishi. Madiwani waliingia na majoho yao, kila mmoja na kabrasha nene. Zikaanza kusomwa taarifa za kata za robo mwaka, kata moja baada ya nyingine, na mimi nikasubiri ya kwetu.

Ya kwetu ilisomwa kwa dakika chache. Vyoo vya shule, taa za soko, ulinzi shirikishi. Mtaro haukutajwa. Nilihisi joto kichwani. Miezi yote ile, mjumbe, kijiwe, ofisi ya wilaya, na jambo letu halikuwa limewahi kuandikwa popote.

Baada ya kikao nilimfuata diwani koridoni. Hakunikwepa. Akaniuliza swali moja: “Liko kwenye muhtasari wa mtaa?” Akanieleza njia yake. Mkutano wa mtaa unaamua, mtendaji wa mtaa ambaye ndiye katibu anaandika muhtasari, muhtasari unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, na kata ndiyo inayopeleka halmashauri. TARURA nao wanapopanga matengenezo huuliza vipaumbele vya kata. Lisiloandikwa chini, juu halionekani.

Ninazitafakari sana siku zile nikikumbuka historia. Mwaka 1972 nchi hii ilifuta serikali za mitaa, maofisa kutoka serikali kuu wakachukua kazi zake. Miji ikaharibika hadi mabaraza ya miji yakarudishwa mwaka 1978, sheria mpya zikatungwa 1982, na mwaka 1984 serikali za mitaa zikasimama tena nchi nzima. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuzifuta lilikuwa moja ya makosa ambayo asingeyarudia. Leo Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mtaani kwetu madaraka yale yalifika zamani. Yalikuwa yanatangazwa kwa kipaza sauti, sisi tukiwa ndani tunapika.

Agenda namba 4

Tulianza na wapangaji. Mimi na fundi tulipita vyumba kwa vyumba jioni, nyumba 26, tukisema jambo moja tu: mkutano ni wako. Mwenyekiti tulimwomba kwa barua aitishe mkutano na aweke mtaro kwenye agenda. Hakuonyesha kinyongo, alisema ni mara ya kwanza kupokea barua ya namna ile.

Mkutano ulifanyika Jumapili saa 10 jioni kwenye uwanja wa shule. Daftari la mahudhurio lilizunguka, nikaliona likirudi mbele likiwa limejaa kurasa nne. Mapato na matumizi yakasomwa, mara ya kwanza mimi kuyasikia tangu nihamie. Ilipofika agenda namba 4, mama muuza uji alinyanyuka. Alikuwa amefunga kitenge kiunoni kama anayekwenda msibani. Akasema majina ya nyumba zilizoingia maji, moja moja, na tarehe zake, bila karatasi. Akamgeukia mtendaji: “Mwanangu, andika. Usipoandika tutakaa hapa hapa.” Mtendaji aliandika, kisha akasimama akausoma uamuzi kwa sauti, na watu wakapaza mikono.

Muhtasari ulifika kata mwezi uliofuata. Mchanga ulitolewa kabla ya mvua za vuli. Usafi wa taka tumegawana kwa zamu, nyumba tatu tatu kila Jumamosi. Ukuta wa jirani bado upo. Kikao cha pili cha usuluhishi kimepangwa, na safari hii ameahidi kuja na mkewe. Mkutano ujao wa mtaa ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa 10, pale pale shuleni, na agenda ya kwanza kwenye tangazo ni mapato na matumizi.